Kompyuta ya mezani ya gemu: mwongozo wa kuichagua kabla hujatoa pesa

Mwaka juzi mpwa wangu aliingia sebuleni kwetu Temeke amekumbatia kasha la kioo lenye taa za rangi saba. Alikuwa amejinyima miezi kumi na tatu. Mbele ya kasha palikuwa na stika ya Core i7, na muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba hakuna gemu itakayoishinda mashine ile. Usiku huo huo tukajaribu gemu ya mpira. Kila krosi ikipigwa picha inaganda, na ikirudi mpira umeshafika kwa kipa. Asubuhi tulifungua ubavu. Prosesa, chipu inayofanya hesabu za mashine, ilikuwa i7-2600 ya mwaka 2011. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha, ilikuwa GT 730. Pawa saplai, kipande kinachogawa umeme ndani, haikuwa na hata jina la kiwanda.

Stika ilikuwa ya kweli, ile ni i7, ila ya kizazi cha pili. Kilichoniuma ni kwamba pesa ile ile, siku ile ile, ingetosha kununua mashine ya ofisi iliyotumika, isiyo na taa hata moja, pamoja na kadi ndogo nzuri, na mpira ungechezeka. Tangu hapo kijana yeyote wa ukoo akitaka kununua kompyuta ya gemu tunakaa naye kwanza mezani na karatasi. Haya ndiyo tunayopitia.

Nazungumzia mashine iliyokwisha kuunganishwa, unayoibeba dukani ikiwa tayari kuwashwa. Kuunganisha mwenyewe ni kazi nzuri na ina faida zake, lakini inataka vipuri vyote vipatikane mahali ulipo, na wengi wetu hatuna nafasi hiyo.

Hatua ya 1: andika gemu tatu na kioo utakachochezea

Usianze na bei wala na mashine. Anza na gemu. Andika tatu tu, zile utakazocheza kila wiki, kisha soma mahitaji yake kwenye ukurasa wa duka la Steam au wa kampuni iliyozitengeneza. Mahitaji huandikwa kwa ngazi mbili, ya chini kabisa na ya kupendekezwa. Shika ile ya pili. Kwa mfano, EA Sports FC 24, iliyotoka mwaka 2023 baada ya jina la FIFA kuachwa, ilitaka angalau kadi ya GTX 1050 Ti yenye memori ya GB 4 na RAM, yaani memori ya kazi ya mashine, ya GB 8. Ili icheze vizuri ilipendekezwa GTX 1660 na RAM ya GB 12, na diski yenye nafasi ya GB 100. Kwa mashine ya mpwa wangu, jibu lilikuwa limeandikwa wazi kabla hajatoa hata shilingi.

Gemu ziko kwenye madaraja. GTA V, Counter-Strike 2, Valorant, eFootball na Fortnite zikiwekwa kwenye mpangilio wa chini huvumilia mashine ya kawaida. Cyberpunk 2077 na Alan Wake 2 zinataka kadi yenye nguvu, na zote mbili zinadai SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Halafu kuna kundi jipya ambalo wengi hawalijui: Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 zinahitaji kadi yenye uwezo wa kukokotoa miale ya mwanga ndani ya chipu yenyewe. Kadi za GTX za NVIDIA hazina uwezo huo, hata ile iliyokuwa ghali kuliko zote enzi zake. Kama mojawapo ya gemu zako ni ya kundi hili, anzia RTX, kadi za NVIDIA zilizofuata.

Kioo nacho kina mzigo wake. Picha ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni mbili hivi, na ya 4K ina zaidi ya milioni nane. Kadi inachora mara nne zaidi kwa kila picha, na picha zenyewe ni 60 au zaidi kwa sekunde. Kwa bajeti nyingi za kwetu, monita ya inchi 24 ya 1080 ndiyo mahali pa kukaa. Ukitaka kucheza kwenye televisheni ya sebuleni, hakikisha ina hali ya gemu kwenye menyu yake. Bila hiyo utabonyeza kitufe na mchezaji atapiga shuti kwa kuchelewa, nawe utailaumu kompyuta bure.

Hatua ya 2: chagua njia, mpya ya gemu au ya ofisi iliyotumika

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea au kuokolewa.

Ukizunguka Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, utakuta mashine nyingi za ofisi zilizotumika Ulaya, Ghuba na Marekani: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Zilitengenezwa kufanya kazi siku nzima kwa miaka, hazina mapambo, na bei yake huwa ndogo kwa sababu haziuzwi kama mashine za gemu. Kwa anayeanza, mimi napendekeza hizi waziwazi, kwa masharti matatu.

Sharti la kwanza ni kizazi. Microsoft ilifunga msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 na AMD Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ofisi zilizoachana na mashine zisizotimiza hayo zimezimwaga sokoni, na ndizo utakazotajiwa kwa bei ya kukushawishi. Ziache. Valorant ikiwa kwenye Windows 11 haifunguki bila TPM 2.0, na Battlefield 6 ya 2025 inadai uwashaji salama wa mfumo (Secure Boot). Kusoma kizazi ni rahisi: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8, i5-10500 ni cha 10. Muuzaji akikwambia "Core i5" akaishia hapo, muulize, "Kaka, i5 ngapi?" na usiondoke bila namba nzima. Kwa Dell, kumbuka OptiPlex 3060, 5060 na 7060 ni za kizazi cha 8, na zile zinazoishia 70 ni za kizazi cha 9. Kwa HP, EliteDesk 800 G4 ni kizazi cha 8. Prosesa ya i5-8500 ina koa sita, yaani viini sita vya kukokotoa, na inatosha kabisa kuishi na kadi ya daraja la chini au la kati.

Sharti la pili ni umbo. Mashine ya jina moja huja kwa maumbo matatu: mnara, nyembamba ya kulala mezani, na ile ndogo kama kitabu kinene. Ile ndogo haipokei kadi ya grafiki, basi. Nyembamba inapokea kadi za nusu kimo tu, ambazo ni chache na huuzwa ghali zaidi. Chukua mnara. Picha ya kwenye simu inadanganya ukubwa, kwa hiyo omba muuzaji aweke chupa ya maji kando yake akupigie picha nyingine.

Sharti la tatu ndilo linalowaangusha hata mafundi. Pawa saplai za mashine hizi ni ndogo, OptiPlex 5060 ya mnara ina wati 260, na soketi zake kwenye mazabodi, bodi kuu ambayo vipande vyote huchomekwa, si za kawaida. Huwezi kwenda duka la pili ukanunua pawa saplai yoyote ukaichomeka. Kwa hiyo chagua kadi inayokula umeme kupitia soketi ya mazabodi pekee, ambayo kikomo chake ni wati 75. Kadi za namna hiyo ni GTX 1050 Ti ya 2016, GTX 1650 ya 2019 na, bora kuliko zote mbili, RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024, ambayo inakula wati 70. Angalia kwa macho yako kama kadi ina tundu la waya wa umeme upande wa juu. Baadhi ya GTX 1650 zinalo, na GTX 1650 Super pamoja na RTX 3050 ya GB 8 zote zinalihitaji. Hizo hazifai hapa. Kuna pia RX 6400 ya AMD, ndogo na yenye kula umeme kidogo, lakini inawasiliana na mazabodi kwa njia nne tu, na kwenye mashine za kizazi cha 8 na 9 inapoteza nguvu nyingi. Ikiwa ndiyo kadi pekee uliyoiona, subiri.

Njia ya pili ni mashine mpya ya gemu. Kuna zile za kampuni kubwa, kama Lenovo Legion, HP Victus, Acer Nitro, na kuna zinazounganishwa na maduka ya hapa kwa vipuri vya kawaida. Swali la kuuliza ni moja: je, mazabodi na pawa saplai ni za vipimo vya ATX vya kawaida? Zikiwa ndizo, baada ya miaka mitatu utabadilisha kipande kimoja, mengine yakabaki. Zikiwa za kampuni yenyewe, kipande kikiungua utakisubiri kutoka nje au utatupa mashine nzima. Mimi kati ya mashine yenye jina kubwa na vipuri vya kipekee, na ile ya fundi mwaminifu yenye vipuri vya kawaida, nachukua ya fundi.

Kuna pia njia ya katikati ambayo haisifiwi inavyostahili. Prosesa za AMD zinazoishia herufi G, kama Ryzen 5 5600G ya 2021, zina grafiki ndani yake ya kutosha gemu nyepesi. Unanunua mashine bila kadi, unacheza Valorant na GTA V kwa mpangilio wa chini, na kadi unaiongeza mwakani. Kinyume chake, prosesa za Intel zinazoishia F, mfano i5-12400F, hazina grafiki kabisa. Ukizinunua bila kadi, kioo kitabaki cheusi.

Hatua ya 3: kadi ya grafiki ndiyo roho

Kwenye mashine mpya, kubali theluthi moja hadi nusu ya pesa iende kwenye kadi. Ukiona mashine ya bei kubwa ambayo tangazo lake linataja prosesa, RAM na taa, halafu kadi imeandikwa tu "grafiki GB 4", ujue wapi walikobana. Ukubwa wa memori peke yake hauonyeshi nguvu. GT 730 ipo ya GB 4, na kazi yake halisi ni kuwasha kioo cha ofisi. GT 710 na GT 1030 ni ndugu zake.

Kwa 1080, kadi ninazoziamini ni RX 6600 ya GB 8, RTX 3060 ya GB 12 iliyotoka 2021, RTX 4060 ya GB 8 ya 2023 na RTX 5060 ya 2025. Kwetu sisi nazitazama pia kwa umeme: 3060 inakula hadi wati 170, 4060 inakula 115. Kwa nyumba yenye mita ya LUKU na chumba chenye joto, tofauti hiyo inahesabika. Kwa RTX, namba mbili za mwanzo ni kizazi, mbili za mwisho ni daraja. Kuruka daraja moja mara nyingi kuna maana zaidi kuliko kuruka kizazi kimoja.

Jihadhari na RX 580. Ni kadi nzuri ya 2017, lakini nyingi zilizoko sokoni zilitumika kuchimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana. Zipo pia za toleo lililopunguzwa, lenye vikokotoo 2048 badala ya 2304, zinazouzwa kwa jina lile lile. Na zipo kadi za bandia kabisa: chipu ya zamani iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Jinsi ya kuzikamata iko kwenye hatua ya dukani.

Hatua ya 4: pawa saplai, kipande ambacho hakuna anayekisifia

Nilisema pawa saplai ya mpwa wangu haikuwa na jina. Ubavuni ilikuwa na stika ya wati 500. Sasa soma stika kama hiyo vizuri: tafuta mstari wa volti 12, utaona ampea. Zidisha. Yake ilikuwa na ampea 18, yaani wati 216 tu kwenye njia inayolisha prosesa na kadi. Zilizobaki zilikuwa za kupamba stika. Pawa saplai ya namna hiyo ikifa haifi peke yake, huondoka na mazabodi na diski yenye picha za familia.

Tafuta yenye jina la kiwanda kinachojulikana na alama ya 80 Plus, inayoonyesha haipotezi umeme mwingi, hata ya daraja la shaba au la chini yake. Kwa RTX 3060 au 4060, wenyewe NVIDIA wanapendekeza wati 550. Ishike mkononi pia. Nzuri ina uzito.

Na hili ni la kuokoa mashine: zilizotoka Marekani huenda zikawa na swichi ndogo nyekundu nyuma, imeandikwa 115 na 230. Kule umeme ni volti 120, kwetu ni 230. Ikiwa imebaki kwenye 115 ukachomeka ukutani, utasikia mlio, utaona moshi, na hakuna dhamana itakayokurudishia. Iangalie kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Ndugu aliyeko Dubai au Muscat akikununulia, huna wasiwasi huo, kwa sababu umeme wa kule na hata plagi ya miguu mitatu bapa ni kama ya hapa. Mwambie tu aichomoe kadi ya grafiki na kuifunga peke yake. Kadi nzito ikitikiswa safari nzima huivunja soketi ya mazabodi.

Hatua ya 5: RAM na diski

RAM GB 16, na iwe vipande viwili vya GB 8, kwa sababu viwili hufanya kazi sambamba na kimoja hakiwezi. GB 8 ni ya kuanzia tu. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda sana, viwanda vikielekeza chipu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, kwa hiyo mashine inayokuja na GB 16 tayari ina thamani kuliko unavyofikiri. Usikubali "utaongeza baadaye" bila kuuliza bei ya leo.

Diski iwe SSD, ya GB 500 angalau. Ya kuzunguka ya zamani iwe ya kuhifadhia filamu tu.

Hatua ya 6: joto, vumbi na chumvi ya bahari

Mapitio mengi ya mtandaoni hufanyiwa kwenye vyumba vya nyuzi 21. Sebule ya Dar, Tanga au Mombasa mwezi Februari ina nyuzi zaidi ya 30, na mashine inaanza kupoa kutoka hapo. Ndiyo maana nasema achana na kasha lenye kioo mbele. Hewa haipiti kwenye kioo. Tafuta lenye wavu mbele, feni moja ya kuingiza hewa mbele na moja ya kuitoa nyuma. Mashine isiwe sakafuni penye vumbi wala dirishani penye upepo wa bahari, chumvi hula miguu ya chipu na skrubu. Kila miezi mitatu fungua ubavu, pangusa kwa brashi laini, ukizishika feni zisizunguke.

Hatua ya 7: siku ya dukani

Nenda asubuhi, siku ambayo huna haraka, na flashi yenye programu nne za bure: CPU-Z, GPU-Z, CrystalDiskInfo na FurMark. Beba na tochi. Muuzaji mwenye mashine nzuri hatakasirika. Mwambie kwa heshima, "Bosi wangu, naomba tufungue ubavu kabla hatujaongea bei." Akikataa kabisa, mshukuru, uhamie duka la pili.

Mashine ikiwa imefunguliwa, tazama kama kuna kutu, vipande vilivyovimba juu ya mazabodi, au harufu ya kuungua. Soma stika ya pawa saplai. Hesabu vipande vya RAM. Kisha iwashe, na papo hapo ubonyeze F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo, uingie kwenye mipangilio ya ndani. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, hiyo ni mashine ya ofisi ambayo haikufunguliwa kufuli yake. Usiichukue hata kwa nusu bei.

Ikiingia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji. Utaona jina kamili la prosesa, kasi ya RAM na soketi ngapi zimejaa. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc, uone kama ni 2.0. Fungua GPU-Z: kadi ya bandia mara nyingi huandikiwa neno FAKE mbele ya jina lake. Fungua CrystalDiskInfo: ikionyesha rangi ya njano, diski ina maeneo yaliyokwisha kuharibika, dai nyingine. Kwa Dell iliyotumika, chukua namba ya huduma iliyo kwenye kasha, iandike kwenye tovuti ya Dell, utaona ilitoka kiwandani lini na vipande gani. Kama kilichomo hakifanani na kilichotoka, uliza kwa nini. Wakati mwingine jibu ni zuri, waliongeza RAM.

Halafu washa FurMark dakika kumi na tano. Hii ndiyo dakika kumi na tano ambayo wengi huona aibu kuiomba. Kadi ipande joto, feni zisikike, nawe usimame pale. Ikizidi nyuzi 85, ikizima, au ikichora madoa ya rangi, umejua. Mashine ya mpwa wangu isingemaliza hata dakika tano.

Risiti iwe ya EFD, au ya eTIMS kwa walioko Kenya, na majina ya vipande yaandikwe: prosesa kwa namba nzima, kadi kwa jina lote na memori yake, wati za pawa saplai. "Kompyuta moja" haitakusaidia ukirudi. Uliza dhamana ni miezi mingapi na kama pawa saplai imo. Nayo iandikwe.

Hatua ya 8: umeme wa nyumbani

Mashine yenye RTX 3060 ikicheza hula karibu wati 300. Saa tatu kwa siku ni uniti 0.9, mwezi mzima ni 27. Kwa tarifa ya kawaida ya TANESCO, ambapo shilingi 1,000 inatoa kama uniti 2.8, hiyo ni karibu 10,000 kwa mwezi. Walio kwenye tarifa ya matumizi madogo, ya uniti 75, waangalie zaidi: uniti 27 ni zaidi ya theluthi ya kiwango chao, na wakikivuka bei hupanda. Kaa na baba na mama mwenye nyumba mkubaliane kabla mashine haijaingia. Ile ya ofisi yenye kadi ndogo hula karibu nusu ya hapo, sababu nyingine ya kuipenda.

UPS, betri ya akiba ya mashine, nunua pamoja nayo, si baada ya kukatika kwa kwanza. Umeme ukirudi kwa kishindo ndipo vitu huungua. UPS ya VA 650 hubeba wati 350 hadi 390 hivi, inatosha kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima taratibu. Chagua yenye kirekebisha volti ndani, kwa sababu mtaani kwetu jioni umeme unashuka bila kukatika.

Hatua ya 9: usiku wa kwanza

Chomeka waya wa kioo kwenye kadi ya grafiki, zile soketi zilizolala chini nyuma ya kasha, usichomeke kwenye zile za mazabodi zilizo juu. Nimewahi kuitwa hadi Mbagala kwa mashine "isiyo na nguvu", na tatizo lilikuwa waya huu tu. Kama monita ni ya Hz 144, yaani picha 144 kwa sekunde, ingia kwenye mipangilio ya skrini uichague mwenyewe, kwa kuwa Windows mara nyingi huanza na 60. Pakua dereva za kadi, programu zinazoiendesha, kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD moja kwa moja.

Kabla hujachoma bando la GB 100 kupakua gemu, uliza nani jirani anayo. Tangu 2023 Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia ruta ya nyumbani bila kutumia intaneti kwa gemu yenyewe, mradi kila mmoja ameinunua. Mpwa wangu, ambaye sasa ana OptiPlex 5060 na RTX 3050 chini ya meza ile ile, alibeba mashine yake begani hadi kwa rafiki yake wa Tandika, wakaunganisha waya mmoja kwenye ruta, na saa moja baadaye akarudi na GTA V nzima.